Muhtasari wa Kikao cha Ukuta

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo
kwa dua, kisha sala,
nami, Somoe Nandonde, nikaandika: wajumbe kumi na mmoja.
Ajenda ni moja: ukuta wa mbele, unaotazama barabara ya Shangani,
tuuchore nini, wageni wakija Mtwara wajue sisi ni nani.

Mkuu wa chuo akasema: tuchore sura zetu.
Yupo Naserian, na shanga zake azivae.
Yupo Murtaza, kofia yake ya ukingo wa dhahabu.
Kokugonza wa Bukoba. Mmakua mmoja, Myao mmoja,
Mmwera asikosekane, Lindi watanung'unika.
Na Mmakonde, akasema, akanitazama,
Mmakonde si tunaye, ndiye mwenye kalamu.
Wakacheka. Nami nikacheka.
Nikaandika "kicheko", nikalifuta.

Siwezi kuibeza orodha ile.
Mama yangu alifika kwenye lango hilihili
mwaka ambao salfa ilichelewa, cheti ndani ya mfuko wa rambo,
akaambiwa darasa limejaa.
Limejaa watu wa huko, husimulia, na kidole chake huelekea kaskazini
kama mtu anayeonyesha mvua isiyomfikia.
Akarudi Kitangari kubangua korosho.
Mafuta ya maganda yakambabua vidole
ili mimi nikae kiti kilichoandikwa "mtoto wa mkoa".
Msiniambie sura si kitu.
Pale langoni walitazama sura.
Hoja hakuulizwa hata moja.

Ndipo Chilumba akanyoosha mkono,
Chilumba wa Newala, wa kiti kama changu,
mwenye suruali moja ya vikao.
Mwenyekiti, akasema, hizo sura kumi na moja
zimewahi kubishana nini humu?
Wiki jana niliomba mdahalo: viti vya mkoa vibaki au viondoke?
Mkaufungia droo. Mkasema utagawa watu.
Mimi nasema viondoke. Anayesema vibaki
aje anishinde mbele za watu, nitampa mkono.
Sasa mnataka kuchora rangi kumi na moja
za ndiyo.

Kimya. Feni ikawa inahesabu.
Nilimchukia, nakiri.
Nilimwona amefika dari na sasa anaisukuma ngazi.

Aliyemjibu ni Naserian, taratibu:
"Chilumba, nisingekuwamo humu, hayo ungembishia nani?
Wa kwenu mnajuana mpaka kikohozi."
Kisha akamgeukia mkuu:
"Na shanga zangu sizivai kwa ajili ya ukuta.
Mkinichora, nichoreni nikikataa."

Kwetu, msibani, mtani huja
akaivuta sanda, akamtania marehemu mbele ya mjane,
akalala ndani ya kaburi mpaka alipwe,
wala hakuna anayemwita mchochezi.
Bibi alisema msiba usio na mtani
ni maiti mbili.
Chuo kimekusanya makabila yote haya,
utani kimeuacha getini kwa mlinzi.

Mkuu akatazama saa. Wanaokubali wanyooshe mikono.
Nilihesabu tisa pamoja na wangu,
na wa Naserian uliokwama nusu njia.
Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa ubaoni:
"Imepitishwa kwa kauli moja."
Chilumba alisoma juu ya bega langu.
Hakufoka. Aliomba tu kujua
kauli hiyo moja ni ya nani.

Jumatatu akaja mchoraji, Likunama wa Chikongola, na makopo yake.
Akachora mapaji, nyusi, shanga, kofia.
Pua zetu alizipatia, hata yangu.
Alasiri akashuka ngazi, akaja ofisini, rangi mpaka viwikoni:
"Dada katibu, midomo mmeamuaje?
Niifunge au niifungue?"

Nikafungua daftari la vikao
nikaanza kutafuta,
naye akasimama mlangoni, brashi ikidondosha kahawia
juu ya sakafu niliyoipiga deki asubuhi.